Mistari ya Kopo Ianzie Kwenye Gunia

Kila yanapoandaliwa mafunzo ya watengenezaji wadogo hapa Kisumu, suala la msimbo pau halikosi kuibuka, na maswali huwa yale yale: hulipwa nani, ni pesa ngapi, huchukua muda gani. Mkufunzi hujibu, kina mama huandika, kisha chai huletwa. Sijamsikia mtu akiuliza mistari hiyo itamfaa vipi yeye mwenyewe kabla kopo halijavuka kizingiti cha karakana yake. Tumekubaliana, bila hata kujadiliana, kwamba mistari ni ya supamaketi. Kijana wa ununuzi amekuambia, "Mama, bidhaa yako ni tamu, lakini bila bakodi mashine haiwezi kuiuza," nawe umekwenda ukalipia, ukabandika, ukaingia rafuni. Basi.

Na rafu zenyewe tunajua zilivyo. Wako wenzangu waliohangaikia mistari ili waingie Ukwala, duka la hapa hapa kwetu. Ukwala ikauzwa kwa Choppies ya Botswana, Choppies nayo ikafunga virago. Nakumatt ikaanguka na madeni ya wauzaji wake, ikazikwa rasmi 2020. Maduka yamekwenda, sisi tumebaki na namba.

Mimi ni msagaji wa siagi ya njugu. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha samaki mjini humu, enzi ambapo lori za mbuta zilipiga foleni langoni usiku kucha. Kazi hizo mbili zimenijengea msimamo ambao wenzangu wengi huuona kama anasa: kwamba mistari ina faida kubwa zaidi ndani ya kiwanda kuliko kwenye kaunta ya duka, na kwamba sisi wadogo ndio tunaoihitaji zaidi, kwa sababu kosa moja linatosha kutufunga.

Nianze kwa kufagia takataka. Huzunguka ujumbe kwenye WhatsApp kwamba ukitaka kujua bidhaa imetengenezwa wapi, utazame tarakimu tatu za mwanzo: 690 ni China, 616 ni Kenya. Ni kweli nusu. Hiyo 616 husema tu kwamba kampuni ilipewa namba yake na GS1 Kenya, shirika linalozigawa hapa nchini. Mtu wa Nairobi anaweza kuagiza biskuti kutoka ng'ambo, akazifunga kwa jina lake, na mistari ikaanza kwa 616 bila yeye kuvunja sheria yoyote. Anayetaka kununua cha Kenya asome maandishi, aache kuhesabu mistari.

Takataka ya pili niliipata kanisani, kutoka kwa mzee ninayemheshimu sana. Aliniambia zile jozi tatu za mistari mirefu, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, ni 666, alama ya mnyama, na kwamba mama aliyeokoka hafai kuibandika kwenye chakula cha watoto. Ni hofu ile ile iliyoibuka wakati wa kusajiliwa kwa Huduma Namba 2019. Nilimweleza kwamba jozi hizo zipo ili mashine ijue namba inaanzia wapi, nusu yake ni wapi na inaishia wapi, hata kopo likipitishwa miguu juu. Hakuridhika, ila siagi bado hununua.

Mistari yenyewe si mipya. Ilisomwa dukani kwa mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1974, katika supamaketi moja mjini Troy, jimbo la Ohio, na bidhaa iliyopitishwa ilikuwa pakiti ya chingamu ya Wrigley's. Zetu za leo zina tarakimu 13. Za mwanzo humtambulisha mwenye kampuni, zinazofuata hutambulisha bidhaa, na ya mwisho hupatikana kwa hesabu ya zile zilizotangulia, ili mashine ikikosea kusoma moja igutuke. Ni kazi safi, sina neno nayo.

Lakini angalia kile ambacho tarakimu hizo hazisemi. Zinasema: hii ni siagi ya njugu ya fulani, laini, gramu 400. Kopo nililofunga jana na kopo nililofunga mwaka juzi yana mistari ile ile. Hazijui siku, hazijui mashine, hazijui gunia. Habari hizo, namba ya bechi na tarehe ya mwisho, hupigwa kwa wino pembeni au chini ya kopo, na wino huo hufutwa na kidole chenye mafuta hata kabla katoni haijafika Ahero. Kwa hiyo mashine ya dukani inalijua kopo langu kwa bei tu. Likiwa na ubaya ndani, haina habari.

Somo hilo nililipata kwa samaki. Kati ya 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya ulitufungia mlango zaidi ya mara moja. Kwanza ilikuwa salmonela, kisha kipindupindu, halafu zikaja taarifa za watu wanaovua kwa sumu. Kenya ilikubaliwa tena mwishoni mwa 2000. Aliyeishi Kisumu wakati huo hahitaji kusimuliwa. Zamu zilipunguzwa, vibarua wakaambiwa wangoje kuitwa, lori zikaegeshwa. Wavuvi wa Usenge na wa Mbita wakauza mbuta kwa bei ya kutupa, na kina mama wa Obunga wanaokaanga mgongo wazi wakakosa hata mifupa ya kukaanga.

Kilichoniuma wakati ule, na kinachoniuma bado, ni kwamba sumu haikumwagwa katika kila ufuo. Wapo waliovua kwa nyavu halali, wakaweka barafu, wakafikisha samaki salama. Ila hapakuwa na mtu wa kusimama mbele ya mnunuzi na kusema: katoni hii ilitoka ufuo huu, kwa lori hili, siku hii, ikapita meza hii, na ile mnayoilalamikia ilitoka kwingine. Nchi tatu zinazozunguka ziwa zikachapwa kwa fimbo moja. Kama huwezi kutenganisha, huwezi kujitetea.

Viwanda vilivyosalia vikajifunza. Sheria ya chakula ya Ulaya namba 178 ya 2002 ilipoanza kudai, kuanzia Januari 2005, kwamba kila anayeshika chakula ajue amekipokea kwa nani na amemwuzia nani, wanunuzi wa kule walitusukumia sisi mzigo huo, na haki yao. Hapo ndipo nilipoiona mistari ikifanya kazi ambayo haina uhusiano wowote na bei.

Zamani ilikuwa hivi. Lori likifika mlango wa mapokezi, samaki wanapimwa, wanapewa namba ya mzigo, na namba hiyo inaandikwa kwa kalamu kwenye kadi inayofungwa kwenye kreti. Kadi inaingia mahali penye maji, barafu, damu na utelezi. Baada ya saa mbili kalamu imekuwa wingu la bluu. Zamu inabadilishwa, kijana mpya anakuta kreti ambayo kadi yake haisomeki, anauliza, anaambiwa "andika ya jirani yake." Nami kule stoo, mwisho wa usiku, napaswa kusawazisha hesabu: samaki mzima kilo ngapi zimeingia, minofu kilo ngapi imetoka, mifupa, vichwa, ngozi na mabondo kilo ngapi. Minofu ya mbuta haifiki nusu ya uzito wake, kwa hiyo nafasi ya kuficha ni kubwa. Hesabu ikigoma, hatukujua ilipogomea. Tulikisia, tukagombana, tukatia sahihi.

Kisha zikaja lebo zisizoloa, zenye mistari. Mzigo ukisomwa mlangoni, ukisomwa ukitoka meza ya kuchuna, ukisomwa ukiingia chumba cha kugandishia, na namba hiyo ikifika mpaka kwenye katoni, basi hesabu ikigoma inagomea mahali penye jina. Meza fulani, zamu fulani. Mnunuzi akipiga simu kutoka ng'ambo kulalamikia katoni moja, jibu lilipatikana kabla chai haijapoa. Zamani tulifungua mafaili mpaka vumbi likatutoa machozi. Siku moja mistari hiyo ilimwepusha mtu na kifungo, na sisemi hivyo kwa kutia chumvi: msimamizi alishatuhumiwa wizi wa minofu, karibu aitiwe polisi, mpaka ikaonekana mizani ya mapokezi ndiyo iliyokuwa ikizidisha. Samaki walioibwa hawakuwahi kuwepo.

Lakini kuna jambo halikuwahi kunipendeza. Mnofu ulitoka mlango wa mbele na hati zake zote, kama mtoto mwenye cheti cha kuzaliwa. Mifupa ya samaki yule yule, wa mzigo ule ule, ilitoka mlango wa nyuma ndani ya gunia lisilo na hata alama ya mkaa. Ilienda Obunga, ikakaangwa, ikauzwa kando ya barabara, tukala sisi. Ikipatikana kasoro katika mzigo, mlaji wa Ujerumani ataitwa arudishe pakiti yake. Mlaji wa Kisumu atasikia redioni, akisikia. Sina lawama kwa wale kina mama, maana hakuna aliyewahi kuwapa namba hiyo ili waibandike.

Sasa njoo kwenye njugu, ambako hali ni mbaya zaidi kuliko samaki.

Njugu zangu hutoka Ndhiwa, Kabondo na Busia, nyingine huvuka mpaka kutoka Uganda, na kukiwa na ukame huletwa za Malawi. Gunia moja si la shamba moja. Dalali hupita boma kwa boma akikusanya gorogoro hapa, gorogoro mbili pale. Boma moja wameanika kwenye turubai, la pili wameanika juu ya udongo mtupu, la tatu wamezilowesha maganda kwa maji ili yabambuke upesi, kisha wakazifunga zikiwa na unyevu. Zote humwagwa kwenye gunia moja. Humo ndimo kuvu huota, na kuvu hiyo huzalisha sumukuvu ya aflatoksini, ambayo haina rangi wala harufu, na kukaanga hakuimalizi. Viwango vyetu vya Afrika Mashariki vinaruhusu mikrogramu 10 tu kwa kilo. Hicho ni kiasi ambacho jicho na ulimi haviwezi kukigundua. Kule Makueni, Kitui na kwingineko, mwaka 2004, sumukuvu iliyokuwa ndani ya mahindi iliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua.

Mapema 2019 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilisimamisha chapa kadhaa za siagi ya njugu kwa sababu hiyo, na mwisho wa mwaka huo huo likazifuata chapa za unga wa mahindi. Sibishi kwamba ilibidi. Ila tazama kilichosimamishwa: chapa nzima, kila kopo lenye jina lile, kila duka. Wakubwa walipigwa, wakalipa wataalamu, wakarudi. Mdogo mwenye mashine moja na vibarua watatu hapandi tena ngazi hiyo akishaanguka. Ndiyo sababu nasema anayehitaji kutenganisha mzuri na mbaya ni yule asiyeweza kumudu kupoteza vyote.

Karakana yangu hufanya hivi. Gunia likifika halivuki mlango kabla ya kupimwa, kuchotwa sampuli na kubandikwa stika. Stika ina mistari, na chini yake maandishi ya kawaida: tarehe, dalali, eneo zilikotoka. Njugu zikichambuliwa na kina mama, zile zilizokunjamana na zilizobadilika rangi zikitupwa, ndoo inayopokea safi inasomwa pamoja na gunia lake. Kikaango kinasomwa. Mashine ya kusaga ina stika yake ukutani, nayo inasomwa. Mwisho wake bechi inapata namba, na namba hiyo, pamoja na tarehe, ndiyo inayokwenda kwenye kopo. Mpwa wangu ndiye aliyeipanga kwenye kompyuta, kwenye jedwali la kawaida ambalo hata mtoto wa sekondari analijua. Skana yenyewe haina uchawi: ukiichomeka, kompyuta hudhani ni kibodi. Inapiga namba, inashuka mstari, basi.

Watu hushangaa ninapowaambia kwamba mistari ya ndani hailipiwi popote. Unayoilipia ni ile namba ya dunia, ili kopo lako lisigongane na la mtu mwingine kwenye duka. Gunia langu haliendi dukani. Naweza kuliita K7 au N12, nikalichapia mistari ya aina inayobeba herufi na tarakimu, iliyobuniwa tangu miaka ya 1970 kwa ajili ya viwanda na maghala, kwa programu ya bure. Skana ya waya haifikii bei ya gunia la njugu. Kilicho ghali ni nidhamu ya kusoma kila mara, hata mkiwa na haraka, hata stima ikipotea. Stima ikipotea tunaandika daftarini namba ile ile iliyo chini ya mistari, na kuiingiza baadaye. Ndiyo maana nasisitiza maandishi ya kawaida yawepo. Karakana ambayo haiwezi kuendelea bila kompyuta, hapa kwetu, haiwezi kuendelea.

Mengine tuliyafahamu kwa kuumia, na nayataja ili yamwepushie mtu gharama. Usichape mistari myekundu, hata kama lebo yako ni nyekundu na unaipenda, kwa sababu taa ya skana nyingi ni nyekundu na mistari ya rangi hiyo huiona kama nyeupe. Kwenye kopo dogo la duara, isimamishe mistari kama vidato vya ngazi, isiuzunguke mwili wa kopo, la sivyo mingine hupinda nyuma na kupotea. Acha nafasi nyeupe pande zote mbili, na ukatae msanii wa lebo anapotaka kuijaza maua. Stika ya karatasi haikai kwenye ndoo yenye mafuta ya njugu katika joto la Kisumu. Tafuta ya plastiki.

Je, imenifaa? Mwenye duka mmoja wa Kondele alinipigia kwamba mteja amerudisha kopo, siagi ina uchungu. Nilimwomba anisomee namba ya chini. Ndani ya dakika chache nilikuwa nimejua ni kikaango kipi na gunia lipi, na makopo mengine ya bechi hiyo yako maduka gani. Tuliyaondoa hayo tu. Mengine yakabaki rafuni. Sampuli ikapelekwa maabara, ikaonekana si sumukuvu, ni njugu za zamani zilizochacha, zilizochanganywa na mpya. Dalali alipokuja nilimwonyesha. "Nyar Gem," akaniambia, "kati ya magunia yote ya soko zima, unajuaje kwamba hilo ni langu?" Nikamwonyesha stika yenye jina lake, tarehe na saini yake. Alikasirika, hakuniuzia msimu mzima. Aliporudi alikuja na magunia aliyoyatenganisha kwa vijiji. Hatujawahi kulizungumzia.

Najua atakayesema kwamba stika haizuii uongo. Ni kweli. Mashine husoma kile mkono ulichobandika, na mkono unaweza kubandika jina la Ndhiwa kwenye njugu zilizolala ghalani kwingine mwaka mzima. Msimbo pau haugeuzi mwongo kuwa mkweli. Unachofanya ni kumlazimisha aseme uongo wake mapema, kwa tarehe na kwa saini, mahali ambapo uzito na sampuli vinaweza kumsuta. Katika biashara ya njugu, ambako maneno hubadilika kati ya asubuhi na jioni, hilo si dogo.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi hutoka kwa wafanyakazi. Walipoona stika kwenye ndoo, mmoja wa kina mama wanaochambua aliniuliza kama kesho nitawabandika wao. Swali lake lilikuwa la haki. Ipo mitambo duniani ambapo kila mtu husoma kadi yake akianza na akimaliza, na bosi huhesabu sekunde zake mpaka za kwenda msalani. Nimefanya kazi ya zamu, naijua hasira hiyo. Kwetu husomwa ndoo, mashine na gunia. Kasi ya mtu haisomwi. Anayechambua njugu kwa haraka ndiye anayeniachia iliyooza, kwa hiyo kumlipa kwa mbio ni kujinunulia ugonjwa. Kila anayetaka kuleta teknolojia hii kiwandani kwake aliseme hili wazi kabla hajanunua skana, la sivyo stika zitakuwa zikibanduka zenyewe usiku, na hutajua kwa nini.

Kuna mabadiliko yanakuja ambayo watengenezaji wa kanda hii bado hawajayachukulia kwa uzito. Zile picha za mraba zenye vidoadoa, ambazo kila mwenye duka anazijua kutoka kwenye risiti ya ushuru ya eTIMS, zilizaliwa kiwandani. Mwaka 1994, huko Japani, mhandisi Masahiro Hara na wenzake wa kampuni ya Denso walichoshwa na mistari ya kawaida, ambayo ilibeba herufi chache mno, hata mfanyakazi akalazimika kusoma misimbo kadhaa kwenye sanduku moja la vipuri vya magari. Mraba wao ulibeba maelfu ya tarakimu. Ulitoka kwenye vipuri ndipo ukaenda mikahawani na kwenye malipo. Sasa GS1 duniani inalenga kwamba ifikapo mwisho wa 2027, kaunta za maduka ziweze kuusoma mraba huo pamoja na mistari tuliyoizoea.

Kwa mnunuzi wa kawaida hakuna kitakachobadilika ila umbo. Kwa sisi tunaosaga, kukaanga na kufungasha, tofauti ni kubwa, kwa sababu ndani ya mraba inaingia namba ya bechi na tarehe ya mwisho. Kaunta yenyewe itaweza kulikataa kopo lililopita tarehe, au kopo la bechi iliyoitwa irudi, na kuliuza la jirani yake lisilo na hatia. Chapa nzima haitakuwa na sababu ya kuangamia kwa ajili ya gunia moja. Ila mraba hauwezi kubeba usichokijua. Aliyezoea kupiga namba ya bechi ya kubuni, na wapo, atachapa mraba mzuri wenye uongo ule ule.

Serikali isiniambie kwamba hili haliwezekani Kenya. Mamlaka ya Ushuru, KRA, imekuwa ikifuatilia stempu kwenye pombe kali, mvinyo na sigara kupitia mfumo wake wa kielektroniki tangu 2013, na tangu Novemba 2019 imefika mpaka kwenye maji ya chupa, soda na juisi. Mtu akiwa na programu ya Soma Label kwenye simu anaweza kuiuliza chupa kama ushuru wake umelipwa. Ukituma namba ya kibali cha KEBS kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 utaelezwa kama kibali cha chapa ni halali. Hakuna pa kuuliza kama bechi hii ya njugu ilipimwa. Nchi inayoweza kuifuata chupa ya maji kwa ajili ya ushuru wake imeshindwaje kulifuata gunia ambalo ndani yake mnaweza kuwa na kifo?

Ninachotaka ni kidogo. KEBS inapomkagua msagaji wa njugu kabla ya kumpa kibali, iangalie mlango wa mapokezi kabla ya kuangalia lebo: gunia lina namba? Namba hiyo inafika kwenye kopo? Taasisi ya utafiti wa viwanda, KIRDI, ina kituo chake hapa Kisumu. Iweke mashine moja ya kuchapia stika, mtu aje na daftari lake aondoke na za wiki nzima. Kaunti za kanda ya ziwa zinazojenga mabustani ya viwanda kwa mamilioni ya pesa zinunue mizani na skana za mlangoni kabla ya kununua utepe wa kukata.

Na wenye viwanda vya samaki, hawa wasingoje mtu. Namba ya mzigo wanayo. Mashine ya kuichapa wanayo, na lebo zisizoloa wanazo, kwa sababu Ulaya iliwalazimisha. Gunia la mgongo wazi hutoka kwenye jengo lile lile, saa chache baada ya mnofu wake. Wabandike stika moja zaidi, na kina mama wa Obunga waambiwe namba hiyo ni ya nini na wapige simu gani.